Kiongozi amerudi, lakini dosye yako ya kesi iko wapi?

Kila utawala unapobadilika hapa Kongo, na watu wanaonijia ofisini, mimi avoka (wakili), hubadilika. Kabla ya 2019 walikuwa vijana wa UDPS, chama cha akina Tshisekedi, na wa mpinzani Moïse Katumbi. Siku hizi ni wazee wa PPRD, chama cha rais wa zamani Joseph Kabila, waliokuwa wakubwa wa karti (mtaa) enzi zile, na swali ni lilelile: "Bwana avoka, wanaweza kunishika kwa mambo ya zamani?"

Huwa nawajibu kwa swali: siku ile ulipoachiwa, ulitoka na karatasi gani?

Tukumbuke ilivyokuwa. Félix Tshisekedi aliapishwa kuwa rais tarehe 24 Januari 2019. Machi akasaini msamaha wa wafungwa wa kisiasa wapatao 700. Aprili ikafutwa hukumu ya miaka 3 ambayo Katumbi alipewa Lubumbashi katika kesi ya nyumba, na tarehe 20 Mei akarudi Lubumbashi, miaka 3 kamili tangu aondoke. Mji ulijaa, na wengi wetu tuliamini kwamba mambo yote ya nyuma yameisha. Kwa kiongozi, ndiyo, yaliisha. Lakini Mei 2016, Katumbi alipoitwa kuhojiwa na polisi wakatupa gesi ya machozi mbele ya jumba la mahakama, hakuwa peke yake pale. Dosye za watu wadogo hazipandi ndege.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Msamaha wa rais, ambao Katiba inautaja katika kifungu cha 87, unagusa adhabu tu. Unatoka gerezani, lakini hatia inabaki imeandikwa. Kinachofuta kosa lenyewe ni amnistia, na hiyo haitolewi na rais peke yake; ni lazima Bunge lipitishe sheria, kama ile ya tarehe 11 Februari 2014. Sasa fikiria mtu aliyeshikwa kwenye maandamano na hakuhukumiwa kamwe. Hana adhabu, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Na wafuasi wengi niliowatetea wako hivyo hasa: walishikwa, wakahojiwa, wakaachiwa, basi.

Wanapita njia moja. OPJ, yaani polisi mpelelezi, ana saa 48 tu za kukuweka kasho (mahabusu), kadiri ya kifungu cha 18 cha Katiba (tuache kwanza zile saa 48 zinazofika wiki nzima). Baadaye parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, inaweza kutoa hati ya kukushika kwa muda, ya siku 5. Jaji anaweza kuongeza siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Ikifika wakati siasa imepoa, unaitwa: lipa dhamana, saini hapa, usitoke mjini, njoo ujionyeshe kila Ijumaa. Huko ni kuachiwa kwa muda, provizwari. Mama yako anashukuru Mungu, jirani wanakuja kukupokea, na Ijumaa ya tatu huendi tena kwa sababu hata yule majistra amehamishwa.

Dosye lakini haijahama. Nimefungua za namna hiyo katika parke moja: jalada limelegea kwenye mikunjo, ndani PV (maandishi ya mahojiano) mbili za mkono kwa Kifaransa ambacho aliyeweka dole hawezi kukisoma, risiti ya dhamana, halafu hakuna kingine. Hakuna uamuzi wowote. Dosye ya hivyo ni kama makaa chini ya majivu. Akija mkubwa mwingine mwenye sababu zake, anapuliza tu.

Kinga ya kwanza ni muda. Kifungu cha 24 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema mashtaka yanakufa baada ya mwaka 1 ikiwa adhabu ya juu kabisa haipiti mwaka, baada ya miaka 3 ikiwa haipiti miaka 5, na baada ya miaka 10 kwa makosa yanayozidi hapo. Ila kila hatua ya uchunguzi inakatiza hesabu, inaanza upya. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu amejipeleka mwenyewe "kueleza vizuri" jambo la 2016. Atahojiwa, PV itaandikwa, na muda aliokuwa amebakiza miezi miwili kuumaliza unaweza kuanza tena.

Kinga ya pili ni kuomba parke iifunge dosye. Inasaidia, lakini parke inaweza kuifungua tena maadamu muda haujapita. Kinachofunga kabisa ni hukumu ya jaji isiyokatiwa tena rufaa. Wateja wangu wanashtuka ninapowaambia kwamba mara nyingine afadhali kesi isikilizwe kuliko kusahauliwa.

Kwa wazee wa PPRD kuna jambo la zaidi. Aprili 2025 Wizara ya Mambo ya Ndani ilisimamisha shughuli za chama chao, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu Joseph Kabila kifo bila yeye kuwepo. Tangu hapo kadi zinafichwa chini ya godoro. Kifungu cha 17 cha Katiba kiko wazi: kila mtu anajibu kwa kosa lake mwenyewe, wala hashikwi kwa tendo la mwingine. Kuwa na kadi si tendo la Kabila.

Katanga tunalo deni letu pia. Agosti 1992, Étienne Tshisekedi, baba yake Félix, alipochaguliwa waziri mkuu, waliofurahi hapa Lubumbashi walishambuliwa, kisha Wakasai wa Likasi na Kolwezi wakafukuzwa makwao kwa maelfu, wengine wakilala stesheni wakingoja treni. Chama kilisomwa kama kabila, na bado nausikia usomaji huo kwenye mahojiano: "Wewe mtu wa wapi?" Swali hilo likiulizwa, omba liandikwe kwenye PV pamoja na jibu lako. Mara nyingi anayehoji analiondoa swali lake.

Kwa hiyo, mwenye dosye ya zamani, usiende peke yako wala mikono mitupu. Tafuta risiti ya dhamana na namba ya dosye, mpe avoka akaulize hali yake kwa barua, na nakala ya barua irudi na muhuri wa aliyeipokea na tarehe.