Mbao za kufufulia gari la zamani: yanayosemwa na ukweli wake

Mwenye gari la zamani la wazi, lile lisilo na vioo vya pembeni wala paa la bati, akianza kulifufua hapa Unguja hushughulikia injini na tairi kwanza. Mbao huja mwisho, kwa sababu wengi wanaamini kuwa bodi ya gari ni bati. Kwa magari mengi ya mwanzo wa karne iliyopita, sivyo. Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, kwa miaka mingi bodi yake ilikuwa na fremu ya mbao kwa ndani, bati likapigiliwa juu yake. Miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na misitu yake na kiwanda cha kupasulia mbao huko Iron Mountain, Michigan, kwa ajili ya bodi hizo. Fremu ikioza, mlango hushuka na haufungi tena, hata bati likiwa zima.

"Tafuta mbao ngumu kuliko zote." Ushauri huu ndio unaopoteza pesa nyingi. Mafundi wa bodi wa Uingereza walipenda mti uitwao ashi, na ugumu si sababu pekee. Ashi hunyumbuka bila kuvunjika, hustahimili mtikisiko na hushika skrubu vizuri. Ndiyo maana mipini ya nyundo na sepetu ilitengenezwa kwa mti huo huo. Ila ashi haina ulinzi wake wenyewe dhidi ya kuoza na wadudu, na kwa unyevu wa visiwa vyetu hilo si jambo dogo. Mbambakofi nao ni mgumu, mzito, hauozi upesi, lakini jaribu kupigilia misumari midogo ya bati bila kuutoboa kwanza uone inavyopinda. Kwa fremu, chaguo langu ni mninga: ukishakauka hautembei sana, yaani hauvimbi wala kusinyaa ovyo, si mzito kupita kiasi na unashika skrubu. Mvule unafaa pia, hasa chini ya sakafu panapofika maji, ila ndani yake hukutwa vijiwe vinavyoua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Funga kitambaa puani unapoupiga randa.

Wapo wanaosema mvule hauozi kabisa. Kinachostahimili ni kiini cha mti. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome hubunguliwa kama mbao nyengine yoyote, na wauzaji wengine huipaka rangi ya udongo isionekane. Kwangua kwa kisu kabla ya kulipa.

Sasa pale pa kupinda: tao la nyuma ya kiti, nguzo ya mlango. Wengi huamini unachora umbo kwenye ubao mpana ulionyooka, unalikata, basi. Ukifanya hivyo, nyuzi za mbao zinakatika njiani, na kipande kinavunjika pale pale penye mkunjo, siku gari linaporuka shimo. Nenda Nungwi ukawatazame mafundi wa majahazi wanavyochagua mataruma, yaani mbavu za chombo. Fundi hushika tawi, akalitazama kwa jicho moja kutoka ncha hii hadi ile, akaligeuza, akaliweka juu ya kigezo. Anatafuta tawi lililokua limepinda vile anavyotaka, ili nyuzi zifuate mkunjo mwanzo hadi mwisho. Mtondoo hutoa matawi ya namna hiyo. Mwembe pia, lakini hubunguliwa haraka ukiachwa bila dawa. Peleka kigezo chako kwa watu hawa, kwani wanajua kusoma mti kuliko duka lolote la mbao.

Na kigezo kinatoka wapi? Kwenye ile mbao iliyooza, ambayo watu huifanya kuni siku ya kwanza. Hata ikiwa vipande, ina matundu ya skrubu, ina urefu wa ndimi za viungo (zile ncha zinazoingia kwenye tundu la mbao ya pili), ina mkunjo wenyewe. Iunge kwa gundi juu ya kipande cha plaiwudi, uichore, na usiitupe mpaka gari litembee.

Kuhusu kubomoa nyumba za Mji Mkongwe ili kupata mbao: boriti za dari zile ni miti ya mikoko, mviringo, haitoi ubao. Milango ya nakshi usiiguse kabisa. Mnazi nao unashauriwa kwa sababu ni rahisi, lakini ugumu wake uko upande wa nje tu. Katikati ni laini na hautoi kiungo cha kuaminika. Kukata mti kisiwani bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996.

"Mbao kavu ni kavu popote." Iliyokaushwa kwa tanuri Ulaya hadi asilimia 8 au 10 ya unyevu itakunywa hewa ya bahari huku hadi ikaribie 15, ivimbe, na mlango ugome. Mbao mbichi hufanya kinyume chake. Zipange kivulini, vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, ncha zipakwe rangi zisipasuke, na uzipe miezi mingi kabla ya kuzikata.

Spoki za magurudumu ya mbao ni jambo jengine. Kwenye Model T zilikuwa za hikori ya Marekani, na maisha ya watu yamezikalia. Hapo agiza hikori yenyewe, na hata uambiwe vipi, usikubali mninga.