Jometri fafanuzi: mchoro ulioingiza uhandisi darasani

Jometri fafanuzi ni njia ya kuchora kitu chenye urefu, upana na kimo kwenye karatasi bapa, kiasi kwamba vipimo vyake vya kweli vinaweza kupatikana kutoka kwenye karatasi hiyohiyo. Picha hukuonyesha kitu kinavyoonekana. Mchoro huu hukupa kipimo cha kukatia.

Chukua ukuta uliosimama juu ya sakafu. Kila ncha ya kitu huangushwa mara mbili: chini wima hadi sakafuni, na nyuma moja kwa moja hadi ukutani. Kisha ukuta hulazwa ukawa sawasawa na sakafu, na pale ulipopindia hubaki mstari wa msingi. Sasa kila ncha ina alama mbili: chini ya mstari ni mwonekano wa juu, na juu yake ni mwonekano wa mbele. Alama hizo lazima zikae kwenye wima mmoja. Zikipishana, mchoro una kosa.

Tazama boriti ya kona kwenye paa linaloteremka pande nne. Kwa juu inaonekana mita 4, nayo inapanda mita 3. Ikiwa imelala nyuzi 45 na mstari wa msingi kwenye mwonekano wa juu, kwa mbele itaonekana kama mita 4.12. Vipimo vyote viwili si urefu wake, kwa sababu boriti haiko sambamba na sakafu wala na ukuta. Kwenye mwonekano wa juu, weka ncha ya bikari kwenye kilele, uizungushe boriti mpaka iwe sambamba na mstari wa msingi. Mguu wa boriti, yaani ncha yake ya chini, sasa uko mahali papya: upandishe wima hadi kimo chake kilekile cha zamani, kisha uunganishe na kilele kwenye mwonekano wa mbele. Kwa skeli ya 1:50 utapima sentimita 10, yaani mita 5. Aliyekata mbao kwa kipimo cha mbele amepungukiwa na sentimita 88. Kosa la kawaida ni kusogeza kilele pia, au kuubadilisha kimo cha mguu.

Aliyeipanga njia hii kuwa somo ni Mfaransa Gaspard Monge, katika shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières, iliyoanzishwa mwaka 1748. Kwa kuwa hakuwa wa ukoo wa kibwana, aliwekwa kwenye karakana ya michoro. Alipopewa kazi ya kupanga ngome ili adui aliye mlimani asiweze kuona ndani, aliimaliza upesi mno hata mkubwa wake akakataa kwanza kuikagua. Wengine walikuwa wakifanya hesabu ndefu, yeye alichora. Jeshi likaifanya njia hiyo siri kwa miaka mingi.

Thamani yake kubwa iko hapa. Wachonga mawe wa matao walikuwa na mbinu za aina hii tangu zamani, lakini kila umbo lilikuwa na kanuni yake, na kijana alizipata kwa miaka ya kukaa na fundi. Monge alizirudisha zote kwenye kanuni chache zinazofundishika kwa wanafunzi wengi pamoja. Mwaka 1794 ilipoanzishwa École Polytechnique, chuo cha wahandisi mjini Paris, somo hili likawa nguzo. Claude Crozet, aliyesoma hapo, alilipeleka West Point, chuo cha kijeshi nchini Marekani, baada ya kufika huko mwaka 1816. Ilimbidi kwanza awafundishe wanafunzi jometri ya kawaida.

Mpangilio wa Monge, mwonekano wa juu ukiwa chini ya ule wa mbele, ndio uitwao leo pembe ya kwanza. Marekani hutumia pembe ya tatu, ambapo mwonekano wa juu huwekwa juu ya ule wa mbele, na mwonekano wa kushoto hukaa kushoto badala ya kulia. Kwa hiyo kabla ya kutoboa chuma, angalia alama ya koni iliyokatwa kwenye kona ya mchoro, inayoonyesha ni pembe ipi iliyotumika. Ukiisoma vibaya, tundu litatokea upande usio wake.