Acha kuhesabu ti-ti-ti

Hapa Lubumbashi kijana akisema anajifunza Morse, ile alfabeti ya sauti fupi na ndefu za redio, karibu kila mara anaanza vile nilianza mimi: anabandika karatasi ya nukta na mistari ukutani, anaikariri wiki mbili, anawasha redio, haelewi kitu. Mi nilikwama hapo miezi na miezi, maneno 8 kwa dakika, 9, siku nikichoka narudi 7.

Nilikuwa nahesabu, basi. Angalia, H ni nukta nne, 5 ni nukta tano, na kwa spidi ya maneno 20 kwa dakika nukta moja ni milisekunde 60, kwa hiyo hizo mbili zinapishana milisekunde 120 tu, utazihesabu na kichwa gani? Sikio lenyewe linaweza, ila lenyewe linashika sauti nzima kwa mara moja, kama mtoto anavyojua pikipiki ya baba yake hata haijafika kwa geti.

Njo nikachana karatasi nikaanza upya na njia ya Koch, mwanasaikolojia Mjerumani wa miaka ya 1930. Unachukua herufi mbili tu, programu nyingi zinaanza na K na M, taa-ti-taa na taa-taa (ti ni nukta, taa ni mstari), kwa spidi kamili tangu siku ya kwanza, ukipata 90 kwa 100 unaongeza moja. Zikikubana, refusha nafasi kati ya herufi na herufi, ila herufi yenyewe usiipunguze hata kidogo, ukiipunguza tu unarudi kuhesabu. Na herufi ikikupita iache iende! Piga kistari kwenye kaye, daftari yako, uendelee, ukiikimbilia unapoteza tatu zinazofuata.

Dakika 15 asubuhi, 15 usiku, kila siku, umeme ukikatika natumia simu. Wale wa masaa matatu Jumapili kisha kimya wiki nzima, mi sijaona mmoja akifika mbali.

Kujipima natumia 14.100 MHz. Pale kuna bikoni 18 za dunia nzima, redio zinazojirusha zenyewe, zinapokezana, kila moja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3, inataja jina lake kwa maneno 22 kwa dakika kisha inatoa mistari minne mirefu, nguvu ikishuka kila mstari: wati 100, 10, 1, halafu 0.1. Kuna ZS6DN ya Pretoria, kuna na 5Z4B ya Kenya (nchi, siyo komini Kenya yetu). Hii ya Kenya ilinitesa vibaya sana, juu 5 na 4 zinaachana mwishoni tu, ti-ti-ti-ti-ti na ti-ti-ti-ti-taa, kaye yangu imejaa 5Z5B na HZ4B.

Jioni moja niko nakula bukari, redio iko wazi pembeni, hata siisikilizi, ikapita 5Z4B nikaijua tu, mkono bado uko kwenye mboga. Nikatulia kungoja mistari. Wa wati 100 huu hapa, wa 10 huu hapa, wa 1 kwa mbali mu makelele. Ule wa 0.1 nilisema nimeusikia, mke wangu anasema ni njaa.