Kutwa mara mbili

Mzee mmoja alikaa mbele yangu na kibahasha cha dawa mkononi. Kilikuwa kimeandikwa: "Vidonge 2 kutwa mara 2." Nikamwomba asome, akasoma bila kukwama. Nikamwekea mezani vifuniko vya kalamu, nikamwambia, "Haya mzee wangu, tuseme hivi ndivyo vidonge. Nitengee vya siku nzima."

Akatenga viwili: kimoja cha asubuhi, kimoja cha kabla jua halijazama.

"Si wamesema viwili, mara mbili?" akaniambia.

Nikamuuliza, na usiku je?

"Usiku si kutwa, mwanangu. Kutwa ni mchana."

Na ni kweli. Kutwa ni tangu jua linapochomoza mpaka linapotua, na usiku una neno lake, kucha, ndiyo maana tunasema kutwa kucha. Aliyeandika kibahasha alitumia lugha ya dirisha la dawa, akimaanisha viwili asubuhi na viwili usiku. Mzee akasoma Kiswahili alichokulia: viwili vya mchana mzima, vigawanywe mara mbili. Dozi ikawa nusu, na hakuna aliyekosea kusoma.

Mimi ni mtaalamu wa mawasiliano. Kazi niliyoajiriwa ni kufundisha, kusimamia tasnifu na kuandika makala za majarida, lakini Jumamosi na jioni zangu nyingi huishia kwenye zahanati na vikundi vya wazazi. Wenzangu huniuliza natafuta nini huko. Natafuta mahali ujumbe unapokatikia, na mahali hapo hapaonekani ukiwa ofisini.

Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 395 katika kliniki 3. Miongoni mwa wale ambao kusoma kuliwapa taabu, takriban asilimia 71 waliweza kueleza vizuri agizo la kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Walipoambiwa waonyeshe idadi ya vidonge vya siku, waliopatia walikuwa takriban asilimia 35. Dodoso likiuliza tu "umeelewa?", pengo hilo lote linapita bila kuonekana. Ndiyo maana natembea na vifuniko vya kalamu.

Darasani kwa miaka mingi nimefundisha habari za Los Molinos, kijiji cha Peru ambako mhudumu wa afya alizunguka miaka 2 akiwahimiza akina mama wachemshe maji ya kunywa. Kati ya familia 200 hivi, alizipata 11. Sababu haikuwa ukaidi. Pale kijijini, vyakula na vinywaji vilikuwa na asili ya moto au ya baridi, na maji yaliyochemshwa yalikuwa ya mgonjwa. Kumwambia mtu mzima wa afya ayanywe ilikuwa kama kumwambia ajiite mgonjwa. Mhudumu alizungumzia vijidudu, akina mama walikuwa na elimu yao kuhusu maji, na elimu hizo mbili hazikukutanishwa. Nilikuwa naieleza vizuri sana habari hii ubaoni, lakini uzito wake niliupata siku ya yule mzee.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kisiwa cha Fogo, Newfoundland, nchini Kanada. Mwaka 1967 wakazi wake walikuwa wakikabiliwa na hatari ya kuhamishwa. Idara ya elimu kwa jamii ya Chuo Kikuu cha Memorial ikaungana na Bodi ya Taifa ya Filamu, na mwongozaji Colin Low akawarekodi wavuvi wakisema shida zao wenyewe. Filamu hizo zilionyeshwa kwanza pale pale kisiwani, kijiji kwa kijiji. Watu waliokuwa hawakutani wakasikilizana, kabla serikali haijaona chochote. Wakaanzisha ushirika wa wavuvi, na kisiwa hakikuhamwa. Ule utaratibu wa wenyewe kujiona kwanza ndio niliouchukua: matokeo yangu hayaendi kwenye jarida kabla hayajarudi kwa walionipa.

Safari moja nilirudi kwa kikundi cha wazazi na rasimu yenye kichwa "Mwitikio hafifu wa wazazi." Nilipokisoma, mama mmoja akanyanyua mkono. "Mwalimu, mikutano inaitwa saa nne asubuhi. Saa nne mimi niko kazini, na huyu yuko kazini, na yule pale. Hafifu ni sisi au ni hiyo saa?" Nikakifuta mbele yao. Makala ikatoka na kichwa kuhusu saa za mikutano, na lawama ikaenda ilikostahili. Vikao vya namna hii havihesabiwi sana mhadhiri anapopimwa kupandishwa cheo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu bila mama yule ningechapisha uongo wenye takwimu safi.

Tukirudi kwa mzee. Tulikaa na wahudumu wa zahanati, tukaandika upya: "Asubuhi vidonge 2. Usiku vidonge 2." Nikampelekea, na vifuniko vyangu. Akatenga viwili upande huu, viwili upande ule, akavitazama kidogo.

"Na nikisahau vya asubuhi, usiku nimeze vinne?"

Hilo hatukuwa tumeliandika. Tukainuka pamoja, tukaenda kumuuliza mfamasia.