Mamajusi hawakuwa wafalme, wala Biblia haisemi ni watatu

Kila Krismasi utotoni, pale kanisani Mkunazini, sie watoto tulikua tunaigiza mamajusi wanavyokuja kumwona mtoto Yesu. Mie nilipewa ufalme, taji la boksi la biskuti na kanzu ya kaka inaburura chini, tunaingia watatu moja kwa moja mpaka horini, pale wanapolishia mifugo, wachungaji wamejipanga na mtoto ndo kwanza kazaliwa. Basi nimekua nikijua ndo ilivyokua.

Sasa fungua Biblia, Mathayo 2, usome taratibu. Wanaitwa mamajusi wa mashariki, watu wa kuangalia nyota, ufalme hautajwi, idadi haitajwi, ngamia nao hawamo. Zawadi ndo tatu, dhahabu, uvumba na manemane, watu wakahesabu zawadi wakapata wageni 😅. Halafu waliingia nyumbani, hori liko kwa Luka pamoja na wachungaji, na mfalme Herode akaamrisha wauliwe watoto wa miaka 2 kushuka chini, kwa hiyo yawezekana ulishapita muda tangu azaliwe. Na makanisa mengi yana siku yao mbali, Januari 6.

Na huo uvumba ni aina ya ubani, bibi jirani yetu, Muislamu, alikua akitupa wa kutia kwenye chetezo cha maigizo, ukumbi mzima unanukia.