Mchungaji Akipumzika Kanisa Halilali: Dhana Potofu Kuhusu Pumziko la Kiroho la Viongozi

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mchungaji anapostaafu au kuhamishwa, sifa inayopigiwa makofi kuliko zote ni kwamba hakuwahi kupumzika. Naisikia sifa hiyo kwa uchungu. Mara nyingi nyuma yake yuko mtumishi aliyehubiri neema kwa miaka huku mwenyewe akiwa amekauka, na mke na watoto waliomwona zaidi madhabahuni kuliko mezani. Dhana zilizomfikisha hapo tunazo wote, viongozi na waumini, na baya zaidi tunadhani zimetoka kwenye Biblia.

Dhana: Mtumishi wa kweli hachoki, maana Bwana ndiye nguvu zake.

Ukweli: Nabii Eliya alichoka, tena mara tu baada ya moto wa Mungu kushuka pale mlima Karmeli. Katika 1 Wafalme 19 tunamkuta jangwani chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Angalieni alivyotendewa. Hakukemewa, hakuagizwa kufunga wala kukesha. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule," na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na neno lilelile, akiongeza kwamba safari iliyo mbele ni kubwa mno kwake. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na ni huko alikoulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Usingizi na chakula vilitangulia, maswali yakafuata, na mwisho akapewa Elisha wa kumsaidia kazi. Sisi kiongozi akianza kulegea tunaanza na maswali, tena kwenye kikao.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu mkubwa unaotokana na kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayoletwa na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba unachofanya hakina matunda. Hiyo ya pili inanitisha kuliko nyingine kwa upande wa kanisa. Mchungaji anaanza kuwaona kondoo kama usumbufu, na bado Jumapili anasimama kuwabariki.

Dhana: Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, kama sisi wengine.

Ukweli: Jumapili ndiyo siku yake ngumu. Ibada ya kwanza asubuhi na baridi yake, ya pili inafuata, kisha bodaboda hadi mtaa wa mlimani kwa ubatizo. Alasiri kikao cha wazee, jioni msiba. Yesu mwenyewe alilisema hili katika Mathayo 12:5, kwamba makuhani hekaluni huinajisi sabato wasipate hatia. Yaani wapo watu ambao siku ya pumziko la wenzao ni siku yao ya kazi. Wamo pia walimu wa kwaya, walimu wa shule ya Jumapili na akina mama viongozi, ambao kesho yake alfajiri wako sokoni Mwanjelwa au shambani. Amri ya sabato haikuwaruka hao, kwa hiyo ni lazima wapate siku nyingine. Wachungaji wengi huchagua Jumatatu, na waumini wengi huchagua Jumatatu hiyohiyo kumpelekea shida zao kwa sababu "leo yupo nyumbani."

Dhana: Akipata likizo ya mwaka inatosha.

Ukweli: likizo hupumzisha mwili, kama itaachwa iwe likizo. Mchungaji akienda kwao Kyela au Ludewa, habari hufika kabla ya basi. Jumapili ataombwa ahubiri, katikati ya wiki aombee wagonjwa na asuluhishe ugomvi wa mpaka wa shamba. Hata Biblia anayoisoma, anaisoma akiwa na kalamu, akitafuta mahubiri ya wiki ijayo.

Pumziko la kiroho ni kiongozi kurudi kuwa mtoto wa Mungu asiyetegemewa na mtu yeyote kwa saa hizo. Kusoma Zaburi bila daftari. Kukaa benchi la nyuma katika usharika usio wake, na koti lake, aimbe wimbo alioutangaza mwingine na kula Meza ya Bwana iliyoandaliwa na mwingine. Kuombewa. Kumwambia mchungaji mwenzake dhambi na hofu zake, akajua hazitatoka nje. Na hapa desturi yetu nzuri inatukwaza: mchungaji mgeni akionekana ibadani lazima aitwe mbele, asalimie, "atupe neno kidogo." Naomba wazee wa kanisa wajifunze kumwona na kumwacha.

Dhana: Mkesha na mfungo ndilo pumziko lenyewe.

Ukweli: vina nafasi yake, lakini anayeongoza mkesha yuko kazini. Asubuhi yake anahitaji kulala.

Dhana: Shida za watu hazisubiri.

Ukweli: nyingine kweli hazisubiri, na msiba ni mmojawapo. Lakini Luka 5 inasema makutano mengi walikusanyika wamsikilize Yesu na kuponywa, naye alikuwa akijiepua, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Wagonjwa walikuwepo, na aliondoka. Katika Marko 6 mitume walikosa hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, naye akawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Makutano waliwawahi huko, nao hawakufukuzwa, Yesu aliwahurumia akawafundisha. Kwa hiyo faragha yaweza kukatizwa, ila lazima kwanza iwepo.

Kwa misiba na magomvi, jibu ni la Yethro katika Kutoka 18. Alimwona mkwewe Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri peke yake, akamwambia waziwazi, "Jambo hili ufanyalo si jema," kwamba atadhoofika yeye na watu pia. Musa akaweka wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Sisi tunao wainjilisti wanaoweza kuzika na wazee wanaoweza kuongoza sala za faraja. Tatizo ni waumini wanaosema marehemu hakuheshimiwa kwa sababu mchungaji hakuja mwenyewe.

Dhana: Waliotuletea Injili hawakupumzika.

Ukweli: Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye historia tofauti kabisa. Kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 walikubaliana kuomba kwa zamu, kila mtu saa yake, usiku na mchana. Zamu hiyo ya maombi ilidumu zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyebeba saa 24 peke yake. Aliyemaliza saa yake alikwenda kulala akijua mwenzake anaomba.

Basi pumziko la kiongozi lisiachwe kwenye aibu yake ya kuomba ruhusa. Baraza la wazee liliandike kwenye muhtasari: siku gani ya wiki hapigiwi, nani anashika simu ya usharika siku hiyo, Jumapili gani anaabudu kwingine na nani atahubiri. Na katika bajeti, karibu na fungu la ukarabati wa nyumba ya mchungaji, pawekwe nauli na malazi ya siku chache za faragha kila mwaka. Mitaa ya vijijini isiyo na fedha inaweza kuchangia viazi na mahindi, kama inavyochangia mikutano ya Injili.