Je, wajua kwa nini sindano ya mgongoni inaweza kuvujisha damu machoni?

Mama kajifungua kwa upasuaji, kwa ganzi ya mgongoni. Siku ya pili akiketi kumnyonyesha mwanawe, kichwa kinataka kupasuka. Akilala chali, kinatulia. Sindano ilitoboa utando unaofunika uti wa mgongo, na maji yaliyomo yanavuja. Ubongo huelea katika maji hayo, kama mililita 150 tu kwa mtu mzima, na yakipungua hulegea na kuvutwa chini kila mtu anapoinuka. August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, kichwa hichohicho kilimpata alipojaribiwa yeye mwenyewe.

Wengi hupona kwa mapumziko na dawa. Kichwa kikikaidi, huwekwa kiraka cha damu: mgonjwa hutolewa damu mkononi, mara nyingi mililita 20 hivi, ikadungwa mgongoni nje kidogo ya utando ule, ikaganda na kuziba tundu. Kuna wanaopata nafuu palepale.

Jicho linaingiaje hapo? Utando ule hauishii shingoni. Hupanda ukaufunika ubongo, kisha huendelea kama ala kuuzunguka mshipa wa fahamu wa jicho. Finya mfuko wa maji kwa chini: unatuna juu. Damu ikidungwa kwa kasi, maji ya uti wa mgongo nayo husukumwa juu, yakajaa ndani ya ala ile na kuubana mshipa unaoondoa damu kutoka kwenye retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Damu inaendelea kuingia jichoni lakini haina pa kutokea, na vijishipa vyembamba vinapasuka.

Ni nadra, na ndiyo maana husahaulika. Kwa nje jicho ni jeupe, wala haliumi. Mgonjwa anasema tu kwamba ana doa jeusi katikati ya anachokitazama, au ukungu, na sura ya mtoto haioni vizuri. Asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa macho achunguzwe retina. Mara nyingi damu hunyonywa yenyewe kwa wiki au miezi, ila wapo wanaobaki na doa.

Kinga iko kwenye kidole gumba cha daktari. Husukuma polepole, huku akiuliza, "Mama, mgongo unausikiaje?" Akijibiwa, "Unabana," anaacha, hata kama damu imebaki ndani ya bomba.